Kisiwa Kimoja, Safari Mbili



Wakati wa likizo kubwa, Jumapili moja baada ya Misa, tuliketi pamoja na kikundi cha vijana wa parokia moja ya Butembo. Simu ilikuwa ikipitishwa toka mkono hadi mkono. Ilionyesha picha za familia ya Ulaya iliyokwenda kupumzika katika kisiwa cha Ugiriki: nyumba nyeupe, bahari tulivu, baba amembeba mtoto mabegani, mama anacheka. Kila mmoja alitamani, nasi hatukuona dhambi yoyote katika kutamani huko. Ndipo binti mmoja, ambaye wazazi wake walihama kutoka upande wa Eringeti, akasema kwa sauti ya chini: “Sisi pia tulisafiri familia nzima. Ila ilikuwa usiku, na mama alitukataza kulia.”

Simu ikarudishwa mfukoni. Maneno yale hayajatuacha tangu siku ile, na leo tunapenda kuyatafakari pamoja nanyi.

Injili inatusimulia safari za namna mbili za Familia Takatifu. Luka, katika sura ya 2, anaeleza kwamba wazazi wa Yesu walikwenda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka. Walisafiri katika msafara wa ndugu na marafiki, kwa utulivu mkubwa, hata mtoto alipokosekana walitembea siku nzima wakidhani yuko pamoja na jamaa zao. Mathayo, naye katika sura ya 2, anaeleza safari nyingine: Yosefu anaamka usiku, anamchukua mtoto na mama yake, anakimbilia Misri. Familia ni ileile na mtoto ni yuleyule. Safari moja ni ya sikukuu. Nyingine ni ya kuokoa uhai.

Tunaposema amani, mara nyingi tunafikiri kwanza juu ya kunyamaza kwa bunduki. Mzazi wa Beni anajua kipimo kingine: amani ni kumpeleka mtoto kumsalimu bibi yake bila kuuliza kwanza habari za barabara. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kuenea katika eneo la Beni, watoto wengi wa Mbau, Oicha, Eringeti na Kamango wameijua barabara kwa ajili ya kukimbia tu. Wameporwa nyumba na shamba, na pamoja na hayo wameporwa safari ya sikukuu. Hasara hiyo haiandikwi katika ripoti yoyote, lakini binti yule aliipima vizuri kwa maneno machache.

Turudi sasa kwenye kisiwa kile cha picha. Visiwa vya Ugiriki si vigeni kwa msomaji wa Maandiko Matakatifu. Mtume Paulo alifika Mitilene, kisha akapita karibu na Kio na kufika Samo (Mdo 20). Yohane naye anasema alikuwa katika kisiwa cha Patmo kwa ajili ya neno la Mungu (Ufu 1). Mji wa Mitilene uko katika kisiwa cha Lesbos, kinachotazamana na pwani ya Uturuki. Maji yanayovitenganisha ni membamba: mahali palipo pafinyu zaidi, hayafiki hata nusu ya barabara ya kutoka Butembo hadi Beni. Mtalii mwenye hati hupanda meli ya abiria katika mji wa Ayvalik, na saa mbili hazijaisha amekwisha kufika. Familia isiyo na hati huyavuka maji hayohayo usiku, ndani ya mashua ya mpira iliyojaa kupita kiasi, kwa malipo yanayozidi mara nyingi nauli ya meli. Mmoja anashuka na mkoba wa likizo. Mwingine anashuka na mtoto aliyelowa. Na wengine hawashuki kamwe, kwa sababu bahari imewachukua.

Mwaka 2015 watu zaidi ya 800,000 waliingia Ugiriki kwa njia ya bahari, na zaidi ya nusu yao walifikia Lesbos. Katika miaka iliyofuata Wakongo pia walikuwa miongoni mwa waliofika. Mwaka huohuo wa 2015 picha moja ilienea ulimwenguni: bibi watatu wa kijiji cha wavuvi cha Skala Sikamnias wameketi kwenye benchi, na mmoja wao anamnywesha maziwa mtoto mchanga wa wakimbizi. Wengi waliwasifu, lakini wachache waliuliza moyo ule ulitoka wapi. Mama za bibi hao walikuwa wakimbizi. Mwaka 1922 Wagiriki wa Asia Ndogo walikimbia vita, wakayavuka maji yaleyale, wakafika Lesbos bila kitu. Mabinti zao walikua wakisikia habari hiyo jikoni. Kwa hiyo mashua za 2015 zilipotokea, bibi wale hawakuhitaji kufafanuliwa.

Kisha tujifunze jambo ambalo huenda hatukulisikia shuleni. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia Ugiriki ilitekwa, na njaa ikaua watu wengi. Familia za visiwani zilipanda mashua usiku, safari hii zikielekea Uturuki, yaani kinyume cha njia ya leo. Kutoka huko zilipelekwa Siria, Palestina, na hatimaye Afrika. Baadhi zilipokelewa Tanganyika, na baadhi zilipokelewa hapa Kongo, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Ubelgiji. Hata kabla ya vita hiyo, Wayahudi wa kisiwa cha Rodos walikuwa wamekuja kutafuta maisha Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Ndugu zao waliobaki kisiwani walikamatwa Julai 1944 na kupelekwa katika kambi ya mauaji ya Auschwitz.

Naam, ndugu vijana: palikuwa na watoto wa visiwa vya Ugiriki waliolala salama katika ardhi ya Kongo kwa sababu kwao hapakukalika. Babu zetu hawakuulizwa, maana nchi haikuwa mikononi mwao. Hata hivyo ardhi iliyowalisha wageni wale ilikuwa ardhi yao, na mikono iliyoilima ilikuwa mikono yao.

Kutokana na hayo tunatoa wazo letu wazi: Mungu hakuumba taifa la wakimbizi na taifa la wenyeji. Kuna familia ambazo zamu yao ya kukimbia imefika, na familia ambazo zamu yao ya kufungua mlango imefika. Anayesahau kwamba zamu hugeuka ndiye anayemdharau mgeni. Anayekumbuka humpokea bila kujiona mkuu, kwa kuwa anajua analipa deni la zamani, au anaweka akiba kwa ajili ya watoto wake.

Lakini kupokea ni nini? Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wako wanaolitumia neno hili kumchokoza mgeni, kana kwamba jembe ni namna ya kumfukuza. Sisi tunalisoma vingine. Jembe ni heshima. Kumpa mtu jembe ni kumwambia kwamba ana nguvu, ana akili, na kwamba mavuno ya kijiji hiki yatakuwa yake pia.

Tazameni yaliyotokea Lesbos jembe lilipokosekana. Baada ya mapatano kati ya Umoja wa Ulaya na Uturuki, Machi 2016, watu walizuiwa kisiwani wakingoja majibu ya maombi yao. Kambi ya Moria ilijengwa kwa watu wasiofika 3,000, lakini mwanzoni mwa 2020 ndani na pembeni mwake walilala karibu 20,000. Walipewa mkate, wakasimama katika foleni, wakangoja miezi na hata miaka. Wenyeji nao, walioachiwa mzigo wa bara zima, walichoka, na baadhi yao wakawa wakali. Septemba 2020 kambi iliteketea kwa moto. Hatusemi haya ili tuwahukumu watu wa kisiwa. Kuchoka ni jambo la kibinadamu. Kosa kubwa ni la wale walio mbali, waliomwacha mwenyeji achoke peke yake.

Papa Fransisko, ambaye sasa ni marehemu, alielewa hivyo. Aprili 16, 2016 alikwenda Lesbos pamoja na Patriarki Bartolomeo, na aliporudi Roma alichukua katika ndege yake Wasiria 12, familia tatu, Waislamu, nusu yao wakiwa watoto. Kati ya maelfu, 12 ni wachache mno. Lakini hakuridhika na kuwaambia wenyeji wavumilie. Alibeba sehemu ya mzigo. Alirudi tena Desemba 5, 2021, na miongoni mwa waliozungumza mbele yake kambini alikuwapo baba mmoja Mkongo. Sauti ya nchi yetu ilisikika katika kisiwa kile kwa kinywa cha mtu aliyekimbia.

Sasa tujitazame wenyewe. Katika Butembo na Beni, wakimbizi wengi wa ndani hawako kambini, bali wako katika nyumba za watu. Mama mwenye vyumba viwili amepokea shemeji na watoto wake sita. Unga uliotosha juma moja unakwisha siku ya tatu. Mama huyo ndiye Lesbos yetu. Nasi tunapita mlangoni pake tukienda kwenye mazoezi ya kwaya, tunamsifu kwa moyo wake mwema, kisha tunamwacha na sufuria yake. Wengine wetu tunasema kwamba sisi ni maskini, hatuna cha kutoa. Je, yule mama ni tajiri?

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu.

Kwanza, kila kikundi kiwajue wageni waliomo katika jumuiya yake, kwa majina yao wala si kwa jina la “wakimbizi”. Tena kimjue mwenyeji anayewalisha, kwa maana yeye ndiye anayesahauliwa zaidi.

Pili, tutafute jembe. Kwa mmoja ni kipande cha shamba cha kulima kwa msimu mmoja mahali palipo salama. Kwa mwingine ni cherehani, au nafasi ya kujifunza useremala, au daftari na mtu wa kumsindikiza mtoto hadi shuleni. Vijana kumi wakiungana hawakosi jembe moja.

Tatu, tuwe wakweli juu ya bahari. Wako kati yetu wanaowaza kuondoka kupitia Kasindi na Uganda, kisha mbali zaidi. Tusiwacheke na tusiwaite wasaliti, maana Yosefu naye aliondoka. Lakini tusiwaonyeshe picha za nyumba nyeupe tu. Tuwaambie pia habari za mashua ya usiku, za wafanyabiashara wa watu wanaochukua fedha na kutoweka, na za miaka ya kungoja bila jembe. Atakayeondoka baada ya kusikia yote, tumsindikize kwa sala. Atakayebaki, asibaki kwa kuona haya, bali kwa sababu tumempa kazi na wenzake.

Na tuongeze ombi dogo, ambalo huenda likaonekana la mchezo. Katika likizo hii, pale ambapo usalama unaruhusu, panga siku moja ya kutembea pamoja na familia zilizohama: kutoka mtaa mmoja hadi mwingine, kuelekea kanisani au penye kilima kizuri, mchana kweupe, mkiwa na ndizi na maharage ya kula pamoja. Msiwakimbize, watoto wachelewe njiani, wacheze, wapige kelele. Mtoto aliyeijua barabara kwa ajili ya kukimbia tu ajifunze kwamba inaweza pia kupelekea kwenye sikukuu.

Safari hiyo haitamaliza vita. Lakini Yosefu na Maria, waliporudi kutoka Misri, hawakumlea mtoto wao katika hofu ya barabara. Walimshika mkono, wakajiunga na msafara wa majirani, wakapanda kwenda Yerusalemu. Binti yule wa Eringeti naye ana haki ya kusafiri siku moja na familia yake nzima, mama asiwe na sababu ya kumkataza kulia wala kucheka. Tuanze sisi kumtengenezea njia.

Bikira Maria, Mama wa wasafiri, atuombee.