Mfungashe Mwanao Adabu



Vyuo vyafunguliwa, na vijana wetu wa Pwani waelekea Nakuru kujifunza ufundi. Baadhi yao watapanga vyumba Rhonda, mtaa ambao Mkikuyu, Mjaluo, Mluhya, Mkisii na Mkalenjin huishi mlango kwa mlango. Mama amemfungasha mwanawe msala, mashuka na halua. Je, adabu ya kukaa na watu?

Januari 2008, Rhonda ilishuhudia jirani akimgeuka jirani kwa ajili ya kabila. Chuki kama ile haizaliwi siku moja. Huanza kwa dharau ndogo nyumbani. Nasi tunayo yetu: twatamka “mtu wa bara” kwa kubenua mdomo, na mtoto yuasikia.

Suratul Hujurat, aya ya 13, yatufunza kwamba Mwenyezi Mungu ametujaalia makabila ili tujuane, na mbora wetu ni mcha Mungu zaidi. Basi kijana na ajifunze salamu ya mwenzake, amzuru akiugua, na akikaribishwa chakula kisicho halali kwake, ajizuie kwa upole, aeleze sababu.

Nasi wazazi tuanze leo: neno lile la dharau lisitamkwe tena majumbani mwetu.

Wabillahi tawfiq.