Chati Nayo Ina Mwenyewe



Tumechoka na kauli ya "takwimu hazina upande". Tunaonyeshwa chati ya rangi nzuri, nguzo ndefu na fupi, kisha tunaambiwa tunyamaze, namba zimeshasema. Namba hazijichori! Kuna mtu aliyeamua nani aulizwe, nini kihesabiwe na nani aachwe nje.

Tazameni chati za ajira. Mama wa Makunduchi au Micheweni anaamka alfajiri, anachota maji, anapika, anaogesha watoto, anamuuguza mkwewe. Kwenye chati anatiwa fungu la "wasio katika nguvu kazi". Mara nyingine anaulizwa mkuu wa kaya peke yake, naye anajibu: "Mke wangu? Yupo tu nyumbani."

Yupo tu! Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilieleza kwamba wanawake hufanya asilimia 76.2 ya saa zote za kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa duniani. Kazi ipo. Nguzo yake ndiyo haikuchorwa.

Wasomi wawili wa Marekani, Catherine D'Ignazio na Lauren Klein, katika kitabu chao Data Feminism cha 2020, wanatufundisha kuuliza: data imekusanywa na nani, kwa faida ya nani, na jasho la nani limefichwa?

Wapo watakaosema huko ni kutia hisia za kike kwenye sayansi. Basi wamtazame Florence Nightingale. Mwaka 1858 alichapisha mchoro wa vifo vya askari wa Uingereza katika vita vya Crimea: buluu kwa maradhi yanayozuilika, nyekundu kwa majeraha. Buluu iliimeza nyekundu. Aliuchora kwa uchungu, akikusudia kuwabana wakubwa warekebishe usafi. Uchungu ule haukuzipunguzia namba zake ukweli hata chembe.

Hatusemi chati zitupwe. Tunataka ziseme zimemwacha nani.

Bibi harusi, siku mdadisi wa takwimu atakapobisha hodi, usimwachie mumeo akujibie. Keti naye, zitaje kazi zako moja moja na saa zake. Nawe dada uliyesomea takwimu, tunakutegemea: ichore ile nguzo iliyokosekana.