Msaada Usisubiri Khitma

Wanachuo wenzangu, sie Wapemba kwenye msiba hatuna mpinzani. Akifa mtu Machomane asubuhi, adhuhuri kaburi limeshachimbwa, kina mama wamejaa ndani, wanaume wako barazani, na mchele wa khitma umeshapatikana bila ya mfiwa kuulizwa kitu. Hilo najivunia. Lakini leo nataka kuzisemea familia ambazo hazijafiwa, ila zinalala na simu chini ya mto: familia za wanajeshi waliopelekwa nje kulinda amani.

Nalisema kwa sababu limetupitia nyumbani. Kaka yangu ni mwanajeshi wa JWTZ. Mwaka 2017 alikuwa Kongo, Kivu ya Kaskazini, katika kikosi cha Umoja wa Mataifa. Tarehe 7 Disemba, jioni, kambi ya walinda amani pale Semuliki ilishambuliwa, na mapigano yakaendelea kwa masaa mengi. Wanajeshi wasiopungua 14 wa Tanzania waliuawa, wakiwemo wa kutoka hapa Zanzibar, na makumi wakajeruhiwa. Ijumaa tukaisikia habari redioni. Idadi tuliisikia, majina hatukuyasikia.

Nilikuwa na miaka 14. Simu ya kaka haikupatikana Ijumaa, haikupatikana Jumamosi. Jumamosi hiyo nilikwenda tuisheni ya likizo nikalala juu ya daftari. Mwalimu akanisimamisha mbele ya wenzangu, akauliza usiku nilikuwa nafanya nini. Nikamjibu, "Kichwa kinauma." Akanitoa nje. Simlaumu, angejuaje? Mama alishatwambia tangu mwanzo: "Mtu akiwauliza, kaka yenu yuko Dar kikazi. Basi."

Jumapili usiku simu ikaita. Mama hakuuliza habari za vita. Aliuliza, "Ushakula?" Kisha akakaa chini, akalia kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Sasa kwa nini mama alificha? Tuseme ukweli. Hapa kwetu neno askari lina historia yake. Januari 2001 watu zaidi ya 30 walipoteza maisha katika maandamano ya Unguja na Pemba, na wengine zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Zipo nyumba Pemba ambazo jeraha hilo halijapona, na sina haki ya kumwambia mtu asahau. Ila matokeo yake ni kwamba mama mwenye mtoto jeshini anaona aibu kuwaambia majirani kuwa ana hofu. Anayetaka kuidai dola haki aidai. Mlango wa kudaia si wa mama yangu.

Wapo watakaosema, "Si wanalipwa?" Ndiyo, wanalipwa, na posho ya misheni imeezeka mabati nyumba nyingi. Zipo pia taratibu za fidia za serikali na za Umoja wa Mataifa. Lakini fidia inakuja mtu akishakufa au akishaumia. Ile miezi ya kusubiri haina fomu ya kujaza. Na mambo haya hayakuishia 2017: Aprili 2024 wanajeshi watatu wa Tanzania waliuawa Kongo kwa kombora. Maana yake wakati sie tunakunywa kahawa Chake Chake, kuna mtu mtaani anahesabu siku.

Wengine watasema, mbona mvuvi naye yuko hatarini, na dada aliyekwenda Oman kufanya kazi za ndani? Kweli kabisa. Tukijifunza kumtazama anayesubiri, watafaidika wote.

Mie nasomea ualimu, kwa hiyo naanzia darasani. Kwenye mazoezi ya kufundisha, wiki ya kwanza niliwapa wanafunzi karatasi waandike mambo mawili: unaishi na nani, na nani wako yuko mbali. Mtoto mmoja, ambaye ofisi nzima ilimwita mtoro, aliandika, "Baba yupo misheni." Kumbe mama yake alikuwa na mtoto mchanga, na yeye ndiye mkubwa nyumbani. Sikufanya maajabu. Nilimwambia mwalimu wa darasa, na tangu siku ile asipokuja skuli tunampigia mama simu kwanza, fimbo ikabaki kabatini. Karatasi ile haikunigharimu hata shilingi. Mwalimu mtarajiwa unayesoma hapa, ichukue.

Kwa majirani, naomba mwende kabla ya msiba. Hahitaji hotuba. Mpelekee vitumbua, mwulize kama maji yanatoka, mchukulie mtoto umpeleke chuoni. Mkisikia habari mbaya redioni, msisubiri majina ndipo mbishe hodi.

Na kwa viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi: humu chuoni wamo wake, watoto na wadogo wa wanajeshi. Awepo kiongozi mmoja wa ustawi ambaye mwanafunzi wa aina hiyo anaweza kumwambia kwa siri, ili siku ya habari mbaya asilazimike kuingia kwenye mtihani akiwa hana fahamu. Tuna kamati ya michezo na kamati ya mahafali, hii haitatushinda. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Kaka alirudi salama. Mwanajeshi aliye mbali hana njia ya kumtazama mama yake, anategemea macho yetu. Aliniambia kwamba kule kilichokuwa kinamkosesha usingizi si risasi, ni kuwaza mama akiugua usiku nani atamfungulia mlango. Sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu mtaa mzima ulijua yuko Dar.