Jina la nyoka lisubiri
PWANI YA KUSINI, safu ya kila wiki
Na Zuhura Mtopela

Nyoka akionekana Songo Songo, kwenye rundo la makuti nyuma ya jiko au chini ya ngalawa iliyopandishwa pwani, watu hukusanyika na swali huwa moja: ni nyoka gani huyu? Hakosi wa kusema ana sumu kwa kuwa kichwa chake ni cha pembe tatu, hakosi wa kusema hana neno kwa kuwa ni mwembamba na wa kijani, na mwenye fimbo hangoji mjadala uishe. Swali lenyewe ni la haki. Ubaya wake ni kwamba linaulizwa saa isiyofaa, na jibu lake wanabebeshwa watu wasiostahili mzigo huo. Jina la nyoka ni elimu ya kutafutwa mapema kwa utulivu, au ya kutafutwa baadaye na tabibu kupitia dalili za aliyeumwa. Pale uani, nyoka akiwa bado hai na watoto wamesimama nyuma ya mama zao, jina halina kazi kubwa, na likikosewa linaweza kuua.

Tuanze na hao wa kijani, kwa sababu ndio wanaodanganya zaidi. Pwani hii, kutoka Kenya hadi Msumbiji, ni makao ya koboko wa kijani, anayependa miembe, mikorosho na minazi, na sumu yake hushambulia mishipa ya fahamu. Pwani hiyohiyo wapo nyoka wembamba wa kijani wanaokula vyura na wasiomdhuru binadamu. Kati ya hao yupo wa tatu, boomslang kwa jina la Kiafrikana, nyoka wa mitini mwenye macho makubwa, ambaye sumu yake huzuia damu isigande. Dume lake mara nyingi ni la kijani na jike ni la kahawia, kwa hiyo rangi haisaidii hata ndani ya ukoo mmoja. Tofauti za hawa watatu ziko kwenye urefu wa kichwa, ukubwa wa jicho na mpangilio wa magamba, mambo yanayoonekana vizuri kitabuni na vibaya sana juu ya mti magharibi ikiingia. Naye koboko anayeitwa mweusi si mweusi: mwili wake ni wa kijivu au rangi ya zeituni, weusi uko ndani ya kinywa, na anayesubiri auone huo amesogea mno. Kanuni ya kichwa cha pembe tatu nayo inamfaa kifutu, ila koboko na swila wanaipita bila kuguswa. Kinyume chake, yupo nyoka mla mayai, asiye na sumu wala meno ya maana, ambaye akitishwa hutanua kichwa na kusugua magamba mpaka yakatoa sauti ya kifutu. Kanuni hiyo basi inakosea pande zote mbili, lakini makosa hayo hayana bei moja.

Atakayesema kwamba hayo ni makosa ya wasiojua, na kwamba mjuzi hakosei, atazame yaliyotokea Chicago Septemba 1957. Karl Schmidt, mmoja wa mabingwa wakubwa wa nyoka wa zama zake, aliletewa kwenye jumba la makumbusho nyoka mdogo kutoka Afrika ili amtambue. Mengi yalielekeza kwamba ni boomslang, isipokuwa gamba moja halikuwa kama lilivyotarajiwa, na mashaka hayo yakatosha kumfanya amshike. Akaumwa kidole gumba. Alihesabu kwamba nyoka ni mchanga na kwamba jino moja tu ndilo lililozama, akaendelea kuandika dalili zake kwa makini ya kitaaluma, na kesho yake akafa kwa kuvuja damu ndani ya mwili. Karibu na kwetu tunaye Constantine Ionides, Mwingereza aliyeishi Liwale na kufariki mwaka 1968, aliyekamata nyoka wengi wa kusini, wakiwemo koboko wa kijani wa Newala. Alijua majina kuliko yeyote katika nchi hii, na bado aling'atwa mara nyingi na vidole vyake vikaharibika. Majina yalimsaidia katika kazi yake, lakini hayakumkinga alipokuwa karibu na meno.

Wazee wetu, mtu atauliza, hawajui nyoka wa kwao? Wanajua sana, na hata Ionides alitegemea habari za wenyeji kujua nyoka yuko wapi. Ujuzi huo hasa ni wa mahali na majira: nani hupenda makuti, nani hufuata panya ghalani, nani hutoka usiku wa mvua. Huo ndio wa kurithishwa watoto. Wavuvi nao wana jambo moja ambalo mtu yeyote anaweza kulitumia, kwa sababu halihitaji kukisia: nyoka wa baharini wa pwani yetu, mwenye mgongo mweusi na tumbo la njano, ana mkia uliobapa kama kasia, na ngozi yake ina magamba, tofauti na mkunga. Ana sumu kali. Akisukumwa ufukweni na mawimbi huonekana mchovu au mfu, na ndipo watoto humchezea.

Pingamizi zito zaidi ni la hospitali: daktari atatibu vipi bila kumjua nyoka? Kwa sehemu kubwa anatibu kwa kusoma mwili. Kope zikilegea na kumeza kukawa kugumu, ni sumu ya mishipa ya fahamu. Mguu ukivimba kwa kasi na ngozi kuanza kufa, fikiria kifutu au swila anayetema. Damu ya kuangaliwa huwekwa mililita 2 ndani ya chupa safi ya kioo, kavu, ikaachwa dakika 20 bila kutikiswa. Isipoganda, jibu limepatikana bila maabara kubwa. Sindano ya nyoka inayotengenezwa Afrika Kusini inapambana na sumu ya makoboko, kifutu na aina kadhaa za swila kwa pamoja, kwa hiyo mara nyingi si lazima jina lijulikane ndipo itolewe. Boomslang ana dawa yake peke yake, na hapo jina lina thamani, ila kipimo cha damu huwa kimekwisha kuonyesha njia. Picha ya simu iliyopigwa kwa mbali ni msaada mzuri. Kumfuata nyoka ili apelekwe kwa daktari ni kumtafuta mgonjwa wa pili, na hata kichwa kilichokatwa bado kinaweza kuuma.

Wengine watasema kwamba kumchukulia kila nyoka kuwa wa sumu ni kuagiza wote wauawe. Sivyo. Ninachotaka ni umbali: watu warudi nyuma, njia iachwe wazi, na nyoka apewe nafasi ya kwenda zake, jambo analolitaka kuliko sisi. Anayepiga ndiye aliyesogea. Na nyoka wa nyumbani wa kahawia, asiye na sumu, akiuawa kila anapotokea, panya watasherehekea.

Shughuli kubwa inaanza mtu anapoumwa, na Songo Songo ni kisiwa. Gesi yake imekuwa ikizalisha umeme Dar es Salaam tangu 2004, lakini aliyeumwa anahitaji chombo cha kumvusha hadi bara, mafuta ya injini, na bahari inayopitika wakati kusi limechachamaa. Kila dakika inayotumika kubishania rangi ya nyoka, kuchanja kidonda, kukaza kamba au kubandika jiwe la nyoka inatolewa kwenye safari hiyo. Aliyeumwa atulizwe, kiungo kisichezeshwe, chombo kitafutwe. Aliyetemewa mate na swila aoshwe macho kwa maji mengi. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, na mwaka 2019 likaweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Lakini dawa yenyewe haina uhakika: kiwanda cha Ufaransa kilichotengeneza sindano ya nyoka iitwayo Fav-Afrique kiliacha mwaka 2014, na shehena ya mwisho ikaisha muda wake 2016. Kwa hiyo swali la kupeleka kwenye mkutano wa kijiji, na kutoka hapo kwa halmashauri ya Kilwa, ni hili: sindano ya nyoka iko hospitali ipi mwezi huu, na boti ya usiku inaendeshwa na nani, kwa mafuta ya nani?