Kidonge Si Upungufu wa Imani



Ninakuandikia kutoka Kasoli, wilayani Bariadi, mkoa wa Simiyu, nchi ya pamba, mbali na bahari. Lakini maradhi nitakayoyataja hayachagui bara wala pwani. Ni shinikizo la damu, ambalo sote twaliita presha. Na kosa nitakalolitaja ni kuacha dawa.

Mtu hupimwa mara kwa mara, damu ikaonekana imepita 140 kwa 90. Hupewa vidonge. Humeza mwezi mmoja, kichwa kikatulia, akasema: "Alhamdulillahi, nimepona." Vilivyobaki huvifungia kabatini. Je, nani kamwambia kuwa amepona? Presha haipigi hodi. Mwenye nayo aweza kulima na kucheka, na huku mishipa yaharibika, moyo wachoka, figo zadhoofika. Siku moja huanguka, upande mmoja umepooza na ulimi umekuwa mzito. Majirani husema amerogwa. Hakurogwa! Vidonge viko kabatini.

Wako wasemao: "Mimi namtegemea Mungu." Huko si kutegemea; huo ni uvivu uliovishwa kanzu. Mtume wetu (S.A.W.) alituamrisha tujitibu, na aliyemuuliza juu ya ngamia wake aliambiwa amfunge kwanza, kisha ndipo atawakali. Wewe umemwacha wako bila kamba. Akipotea utamlaumu nani?

Wengine husema: "Nikianza dawa nitakuwa mtumwa wake." Ajabu! Unakula kila siku, mbona hujiiti mtumwa wa ugali?

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa takriban watu wanne katika kila watano wenye presha hawatibiwi ipasavyo. Basi msiba huu si wa kijiji kimoja.

Najua dawa ni fedha. Hapa kwetu pamba huuzwa kwa msimu, na kidonge chatakiwa kila siku. Simkejeli maskini, na kila mwenye dhamana anayemrudisha mgonjwa mikono mitupu ana hesabu yake ya kujibu. Lakini nimewaona waliouza pamba wakafanya karamu ya siku tatu, kisha wakasema hawana fedha ya dawa. Nanyi wa pwani, harusi zenu nazijua.

Wala sisemi haya kwa wema wangu. Ramadhani moja niliacha vidonge vyangu, nikajiona mcha Mungu. Mke wangu ndiye aliyenifikisha kwa daktari, macho yangu yakiona ukungu. Daktari akaniuliza: "Sheikh, mbona hukuja kuuliza kabla ya mwezi kuandama?" Sikuwa na jibu. Dawa yangu ilikuwa ya mara moja kwa siku. Yaliyohitajika ni kuihamishia wakati wa futari. Nimefundisha watoto fikihi miaka mingi, na sikujua kuuliza swali moja.

Basi, ndugu yangu, usiache dawa bila idhini ya aliyekuandikia. Ikikudhuru, rudi ukamwambie, akubadilishie. Usimgawie jirani vidonge vyako kama unavyomgawia sukari. Punguza chumvi. Ukiuza mazao, weka kando fedha ya dawa kabla ya fedha ya karamu. Weka vidonge karibu na msala wako, ili Swala ikukumbushe. Nawe mwana, usimwachie mama yako mzee kazi ya kukumbuka peke yake.

Mwili ni amana, na mwenye amana ataulizwa.

Wabillahi taufiq.