Mcheza kwao hutunzwa. Mwalimu wake je?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakutuambia atunzwe vipi akishachoka kucheza, wala ni nani atakayemrithisha mtoto wa jirani ujuzi wake. Sisi wa Machakos yatupasa kulijibu swali hilo.

Tazama drafti inavyochezwa mjini petu. Kete ni vifuniko vya soda, na ubao umechorwa kwa mkono. Kila kikundi kina bingwa wake, naye huzungukwa na watazamaji. Mtoto atakaye kujifunza husimama nyuma yao akaiba ujuzi kwa macho. Bingwa akiondoka duniani, huondoka na ujuzi wake.

Wenzetu wa Japani wameyapanga mambo vingine katika mchezo wa Go, unaochezwa kwa mawe meusi na meupe juu ya ubao wa mistari 19 kwa 19. Chama cha Nihon Ki-in, kilichoanzishwa mwaka 1924, huwapa wachezaji wa kulipwa madaraja, la kwanza hadi la tisa. Zawadi kubwa huwafikia wachache. Wengi hujipatia riziki kwa kufundisha, na daraja ndilo linalowapa heshima mbele ya wanafunzi. Bingwa Kitani Minoru, aliyefariki mwaka 1975, aliwalea wanafunzi nyumbani kwake. Mmoja wao, Cho Chikun, alitoka Korea mwaka 1962 akiwa na umri wa miaka 6, akaja kuwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa Japani.

Mwaka 2016 programu ya kompyuta, AlphaGo, ilimshinda Lee Sedol wa Korea Kusini michezo 4 kwa 1. Je, mwalimu amekuwa hana kazi? La, hasha! Mashine huonyesha hatua iliyo bora, lakini haimtazami mtoto usoni ikajua ni woga au haraka iliyomponza.

Hata hivyo, tusidhani kila bingwa ni mwalimu. Huko Katwe, Kampala, Robert Katende alikuwa mcheza soka, si bingwa wa sataranji. Lakini aliwafundisha sataranji watoto wa mtaa wa mabanda, na mmoja wao, Phiona Mutesi, akaichezea Uganda katika Olimpiadi ya mchezo huo nchini Urusi mwaka 2010. Kucheza ni kazi moja, kufundisha ni nyingine, na kila moja yastahili heshima yake.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti shughuli za michezo, utamaduni na maktaba. Kwa hiyo Machakos haina haja ya kungoja amri kutoka Nairobi. Wako watakaouliza: drafti ya nini, ilhali wakazi wa Yatta na Mwala wanalilia maji? Ni kweli, maji kwanza. Lakini meza chache, saa mbili za kila Jumamosi na posho ndogo kwa wazee waliopimwa wakaonekana wanaweza kufundisha, havitakausha kisima cha mtu.

Tukiendelea kumwita mzee wa drafti mpoteza wakati, watoto wetu watausikia ujuzi wake katika hadithi tu. Tumwite mwalimu, na tumlipe kama mwalimu.