Toba Isiyorudisha Kitu

Jumapili, ibada ikishakwisha, kwenye viwanja vya makanisa mengi ya nchi hii hupigwa mnada. Mikungu ya ndizi, kuku waliofungwa miguu, mayai, debe la mahindi, vyote vilivyoletwa na wale ambao hawakuwa na fedha mkononi, huuzwa kwa vicheko na vigelegele. Kuku wa shilingi elfu kumi na tano hufika elfu hamsini kwa sababu mzee mmoja wa kanisa hataki kushindwa na mzee mwenzake. Watu hupiga makofi. Hatuna ugomvi na mnada; umeezeka mapaa na kulipa ada za yatima. Ugomvi wetu ni na huyo mzee wa elfu hamsini, ambaye nyumbani kwake kuna dada wa kazi asiyejua mshahara wake wa mwisho alipokea lini, na ambaye deni lake katika daftari la duka la mtaani limejaza kurasa mbili.

Mwenye duka huenda ni Mwislamu, huenda hana dini, huenda ni Mkristo aliyeacha kwenda kanisani. Hajali kama mteja wake alibatizwa kwa maji mengi au kidogo. Anachojua ni daftari. Siku akisema kwamba Wakristo ni wanafiki, tusikimbilie kusema ameitukana imani yetu. Amesoma hesabu tu, na hesabu ni yetu.

Gazeti hili limechoka na namna lawama hii inavyopokewa. Kila inapotajwa, viongozi wetu huitibu kama vita vya kiroho: watu wa dunia wanatuchukia, kwa hiyo tufunge na kuomba. Lakini anayetulaumu, mara nyingi, hatumii kipimo cha dunia. Anatumia chetu. Hakuna aliyewashambulia watu wa dini kwa ukali kuliko Yesu mwenyewe katika sura ya 23 ya Injili ya Mathayo, pale alipowakemea waliokuwa makini kutoa zaka hata ya majani ya kuungia chakula huku haki wameiweka kando. Jirani asiye Mkristo anaposema maneno hayohayo, anaturudishia mahubiri yetu.

Wala tusijidanganye kuhusu huyu tunayemwita mtu wa nje. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya watu wanane katika kila kumi ni Wakristo. Vijana waliojaa barabara za Nairobi Juni 2024 kupinga Muswada wa Fedha walikuwa wakimtaka Rais William Ruto ashuke kwa jina la Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko. Jina hilo halikutoka kwa wapagani. Limetoka kwa watoto wa shule ya Jumapili waliokua, wakatazama nani anapewa kipaza sauti kanisani, wakaamua kusimama nje ya mlango. Vijana haohao waliyataka makanisa yaache kuwapa wanasiasa madhabahu. Tukiwaita wapinga Kristo tutakuwa tumewakana watoto wetu wa kipaimara.

Na kwa suala la wanasiasa, onyo lilikwishatolewa mapema. Septemba 2021, karibu mwaka mzima kabla ya uchaguzi, Askofu Mkuu wa Kanisa Anglikana la Kenya, Jackson Ole Sapit, alitangaza kwamba wanasiasa hawatahutubia tena ibadani. Wapo waliomsikiliza, na wapo walioendelea kupokea bahasha. Kisha likaja tukio la Kayole, mtaa wa Nairobi, ambalo tunaona kila mhasibu wa parokia anapaswa kulijua. Jumapili ya tarehe 17 Novemba 2024 Rais Ruto alihudhuria misa katika kanisa Katoliki la Soweto, akatoa shilingi za Kenya milioni 2 kwa ajili ya nyumba ya padri na laki sita kwa kwaya na watoto, akaahidi fedha nyingine na basi juu yake. Kesho yake Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, akaagiza fedha zile zirudishwe.

Zirudishwe. Askofu angeweza kutoa waraka mrefu kuhusu maadili ya utoaji, ukasomwa, ukasahauliwa. Alichofanya ni kuagiza kitu ambacho mtu yeyote wa Kayole, awe na dini au asiwe nayo, angeweza kukielewa bila kufafanuliwa. Wiki ile hata wasemaji wakali dhidi ya makanisa walikosa la kusema. Miezi minne tu baadaye, Machi 2025, kanisa moja la Roysambu, hukohuko Nairobi, lilipoahidiwa shilingi milioni 20 na Rais huyohuyo, Jumapili iliyofuata vijana walikwenda kuandamana na polisi wakarusha mabomu ya machozi karibu na nyumba ya ibada. Mji ni mmoja, mtoaji ni mmoja. Kilichotofautiana ni mpokeaji.

Tusiwacheke Wakenya. Kwetu Tanzania fedha za wanasiasa huja kwa adabu zaidi, kwa jina la mgeni rasmi na harambee ya kengele, na mshereheshaji husoma kiasi kilichotolewa mara mbili ili hata walioko chini ya mwembe wasikie. Lakini hata hilo tungeliweka pembeni kama lisingekuwepo jambo jingine zito zaidi, ambalo halina mwanasiasa ndani yake na ambalo tunalifanya wenyewe mchana kweupe.

Tunazungumzia wafanyakazi wa taasisi zetu. Makanisa ni miongoni mwa waajiri wakubwa nchini: shule, hospitali za misheni, zahanati, vyuo, hosteli, viwanda vya uchapaji. Muuguzi wa hospitali ya dayosisi hukatwa asilimia 10 ya mshahara wake kwa ajili ya mfuko wa hifadhi ya jamii, na mwajiri anapaswa kuongeza asilimia 10 yake na kuzipeleka zote. Hati ya mshahara inaonyesha makato. Muuguzi anaitunza hati hiyo kwenye bahasha pamoja na cheti cha ubatizo cha mtoto. Siku akienda dirishani kudai mafao, anaonyeshwa kwenye kompyuta kwamba michango iliishia miaka minne iliyopita. Anarudi kwa katibu mkuu wa dayosisi, anaambiwa hali ya kifedha ni ngumu, avumilie, kazi hii ni ya Bwana.

Sheria za nchi zina jina la mwajiri anayekata fedha za mfanyakazi na kuzitumia kwa shughuli nyingine, na jina hilo si mtumishi wa Bwana. Tumeyasikia malalamiko haya kutoka dayosisi zaidi ya moja na madhehebu zaidi ya moja. Tunajua kwamba ruzuku za marafiki wa Ulaya zimepungua, na kwamba hospitali nyingi za misheni hutibu maskini ambao hawalipi. Huo ni ugumu wa kweli na tunawaheshimu wanaoubeba. Ila hauwezi kueleza kwa nini mwaka ambao michango haikupelekwa ndio mwaka ambao gari jipya la mkuu wa taasisi liliwekwa wakfu kwa maji ya baraka na kwaya tatu.

Utetezi tunaujua kwa moyo. Wa kwanza husema usiwatazame wanadamu, mtazame Yesu. Ni neno jema kwa aliyekata tamaa, lakini kinywani mwa mdaiwa ni hila. Mwingine husema kwamba mpakwa mafuta wa Bwana haguswi, na kwa neno hilo wachungaji wangapi wamehamishwa usiku kwenda usharika mwingine badala ya kufikishwa polisi, wazazi wa mabinti waliodhulumiwa ndio wanaojua. Utetezi unaopendwa kuliko yote ni ule wa kwamba kanisa ni hospitali ya wenye dhambi. Na iwe hospitali, basi. Hospitali humwandikia kila mgonjwa jalada, huuliza dawa imekwenda wapi, na muuguzi akiiba stoo haachiwi funguo kwa sababu naye ni mgonjwa kama wengine. Wanaolitumia neno hili wanataka vitanda bila jalada.

Kuna gharama ya kukawia, na eneo hili la Afrika linaijua kuliko mengine. Mwaka 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari, takribani watu tisa katika kila kumi nchini Rwanda walikuwa Wakristo. Katika parokia ya Nyange, magharibi mwa nchi, Watutsi wapatao 1,500 waliokimbilia kanisani waliuawa kanisa lilipobomolewa kwa buldoza na kuwaangukia. Padri wa parokia hiyo, Athanase Seromba, baadaye alihudumu kama padri huko Florence, Italia, kwa jina jingine, hadi alipofichuliwa mwaka 1999. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu miaka 15 mwaka 2006, na rufaa ya mwaka 2008 ikaifanya kifungo cha maisha. Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana, Msabato, alihukumiwa na mahakama hiyohiyo mwaka 2003. Hizi hukumu zilitolewa mjini kwetu, na wengi wetu tulizipita tukiwa ndani ya daladala.

Walikuwepo pia waliotimiza wajibu hadi mwisho. Félicité Niyitegeka wa Gisenyi, mlei Mkatoliki, alipewa nafasi ya kuokolewa na kaka yake aliyekuwa ofisa wa jeshi, akakataa kuwaacha aliokuwa amewaficha, akauawa pamoja nao. Lakini maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba radhi kwa ajili ya waumini wao walioshiriki mauaji Novemba 2016, miaka 22 baada ya damu kumwagika. Machi 2017 Papa Fransisko, akimpokea Rais Paul Kagame mjini Vatikani, aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi na mapungufu ya Kanisa na watu wake. Miaka 22 ni muda wa mtoto kuzaliwa, kusoma hadi chuo kikuu na kuamua kwamba hana haja na watu hawa. Tunaitaja Rwanda kwa hofu, maana hatutaki ifikiriwe kwamba tunalinganisha mauaji na makato ya mshahara. Tunachosema ni kwamba tabia ya kungoja, ya kulinda jina la taasisi kwanza na kumkumbuka aliyeumizwa baadaye, hujifunzwa katika mambo madogo.

Nchi hiyohiyo, miaka 60 kabla, ilikuwa imetupa mfano mwingine. Uamsho wa Afrika Mashariki ulianzia Gahini, kituo cha misheni cha Waanglikana mashariki mwa Rwanda, katika miaka ya 1930, ukavuka hadi Uganda, Kenya na upande wetu wa Bukoba. Walioguswa walisimama mbele ya watu wakataja dhambi zao kwa majina. Hilo peke yake lisingewashangaza majirani, maana maneno ni rahisi. Kilichowashangaza ni kwamba mtu alikwenda kwa mwajiri wake na kurudisha alichoiba, akalipa deni ambalo mdai alikuwa amekwishalifuta moyoni, akamwomba radhi mkewe mbele ya wakwe. Walichekwa, wakaitwa wendawazimu, hata maaskofu wengine hawakuwapenda. Kenya ilipoingia katika vita vya Mau Mau miaka ya 1950, baadhi yao walikataa kiapo na kukataa pia bunduki ya serikali, wakauawa. Waliwaita wazimu, lakini wanafiki hawakuwaita.

Uamsho ule tumeubakiza katika nyimbo na makongamano. Ushuhuda umebaki, kurudisha kumeondolewa. Leo mtu hushuhudia jinsi alivyokuwa mwizi, akapigiwa makofi, na hakuna mzee wa kanisa anayeinuka kumuuliza mali ya watu iko wapi. Zakayo, ambaye jina lake vijana wa Nairobi wamelifanya wimbo wa barabarani, hakuishia kushuka kwenye mkuyu. Alitaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Habari ya wokovu wa nyumba yake ilitangazwa baada ya hesabu hiyo.

Kwa hiyo tunawageukia wenye mamlaka. Halmashauri za makanisa, mabaraza ya wazee na bodi za hospitali na shule zina wajibu wa kuuliza swali moja katika kikao kijacho, kabla ya ajenda ya jengo: tunadaiwa na nani? Orodha isomwe, kuanzia mpishi na mlinzi wa usiku. Michango iliyokatwa na haijapelekwa itajwe kwa miezi na kwa kiasi. Mkaguzi wa nje aitwe, na taarifa yake isomwe kanisani kama yanavyosomwa matangazo ya ndoa, waumini wapate nafasi ya kuweka pingamizi. Askofu atakayeogopa kwamba jambo hili litawapa maadui silaha ajue kwamba silaha wanazo tayari. Mwenye duka anazo, muuguzi anazo kwenye bahasha.

Na wewe Mkristo wa kawaida, mwenye kuku wa elfu hamsini, hungoji waraka wa askofu. Dada wa kazi umlipe leo, na malimbikizo yake, kabla hujaandika ahadi nyingine. Nenda dukani ukalilipe deni mwenyewe, usimtume mtoto.

Dayosisi au jimbo ambalo hadi Kwaresima ijayo halijawalipa wafanyakazi wake michango iliyokatwa halina haki ya kutangaza harambee ya kitu chochote, na waumini wake wana wajibu wa kukataa kuichangia.